Panya wa Nyumba ya Londiani

Wiki iliyopita nilisimama katika duka moja la vyombo mjini Kericho nikibonyeza vifuniko vya plastiki kwa ukucha wa kidole gumba. Mwenye duka, mzee mwenye miwani, alinitazama kwanza kwa adabu, halafu kwa wasiwasi. Nilikuwa nimeshika masanduku saba au manane, yale ya kuonyesha ndani yenye vibanio pembeni, na kila moja nililifungua nikalinusa kabla ya kulirudisha.

"Unataka ya kuweka nini, mama?" akauliza.

"Nguo."

"Nguo za nyumbani?"

"Nyumba yenyewe haikaliwi na mtu."

"Aa, hapo sasa ni panya," akasema, akaenda nyuma kuniletea moja nzito zaidi.

Nalo nikalibonyeza. Ukucha haukuacha alama. Baba ndiye aliyenifundisha hivyo: ukucha wako ukiacha alama kwenye chombo, jino la panya litapita. Na pahali kidole chako kidogo kinaingia, mtoto wa panya anaingia, na mama yake atapanua mlango baadaye. Nililipia lile zito nikatoka nimelikumbatia kifuani, na ile harufu ya plastiki mpya ikanifuata mpaka stendi. Ni harufu ninayoijua tangu nikiwa na miaka saba. Watu wengine hukumbuka utoto wao kwa harufu ya maziwa au ya mvua. Mimi hukumbuka ndoo mpya.

Sanduku lilikuwa la koti la baba. Tulikuwa tumemzika wiki mbili kabla, na Jumamosi jamaa wangekutana kugawana nguo zake kama ilivyo desturi ya kwetu. Shangazi, dada yake, ambaye sasa ni mzee na ndiye msimamizi wa mambo hayo, alikuwa amenipigia simu.

"Chero, ile koti ya kahawia iko wapi?"

"Iko."

"Sijauliza kama iko. Iko wapi?"

"Iko salama, shangazi."

"Wewe, usinifanyie vile baba yako alinifanyia. Jumamosi uje nayo."

Nilimwambia sawa. Nilidanganya. Nilikuwa nimeshaamua kulipeleka Londiani, kwenye ile nyumba yetu ndogo ya mabanzi, na kulifungia huko ambako hakuna mtu angelifikia wala mnyama.

Alichomaanisha shangazi kwa kusema vile baba alivyomfanyia, hicho ndicho ninachotaka kueleza. Sijawahi kumweleza mtu yeyote.

Nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi katikati ya mashamba ya chai. Chumba kimoja, jiko nje, na majani chai kuanzia mlangoni mpaka macho yanapochoka. Mama alikuwa akichuma chai. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwenye mikunjo kwa utomvu, na hata siku ya kanisa vilibaki hivyo. Nilipokuwa na miaka saba aliugua muda mfupi, akapelekwa hospitali, asirudi. Wakati wa mazishi niliachwa kwa jirani na sufuria nzima ya mahindi ya kuchemsha. Niliambiwa kwamba mama amekufa. Sisemi sikuambiwa. Watu watatu tofauti waliniinamia wakaniambia.

Lakini mimi nilikuwa na ushahidi wangu. Miezi michache kabla, mama mmoja wa laini ya chini alikuwa amefariki, na baada ya mazishi niliona wanawake wameketi kwenye nyasi, nguo zake zimetandazwa katikati, zikipokelewa moja moja. Rinda lake jekundu nililiona wiki iliyofuata kwa mkwe wake, likichota maji. Kwa hiyo nilijua jinsi jambo hilo linavyokwenda. Mtu akifa, nguo zake hugawanywa.

Nguo za mama hazikugawanywa.

Shangazi alikuja siku iliyopangwa pamoja na wanawake wengine wawili. Nilikuwa nimekaa mlangoni. Baba alisimama mbele ya kitanda, mikono imelegea ubavuni.

"Bado," akasema.

"Bado nini?" shangazi akauliza. "Watu wametoka Silibwet wamekuja."

"Wapewe chai. Nguo, bado."

"Kwani unangoja nini, ndugu yangu?"

Mimi mlangoni nilimjibia baba moyoni: anamngoja mwenyewe arudi.

Shangazi alihamia kwetu ili anilee, na chumba kikawa cha watu watatu. Ndipo baba alipoanza kuhamisha vitu vya mama kwenda Londiani. Alikuwa na kipande cha shamba huko, karibu na msitu, na nyumba ya mabanzi ya vyumba viwili aliyoijenga mwenyewe kwa likizo zake. Tulikwenda mara chache kwa mwaka, shule zikifungwa au viazi vikitaka kupandwa au kuvunwa. Muda mwingine wote nyumba ilikaa peke yake. Ukifungua mlango ulipokewa na baridi ya ndani iliyozidi ya nje, na harufu ya majivu ya zamani na mkojo wa panya.

Vitu vyenyewe havikuwa vingi. Sweta la kijani. Rinda la buluu la kanisani. Leso mbili, moja ina madoa ya chai. Viatu vya kufunga na kamba. Kitambaa cha kichwa. Safari ya kwanza baba alivitia kwenye gunia safi la viazi, akalifunga mdomo kwa waya, akalining'iniza kwenye boriti. Akarudi nyuma akalitazama.

"Hapo hawafiki," akasema.

Walifika. Tuliporudi, kona ya gunia ilikuwa wazi na pindo la leso moja limetafunwa kama mkate. Walikuwa wameteremka na ule waya wenyewe. Baba aliishika ile leso karibu na dirisha, akaigeuza, akaigeuza tena. Mimi nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuisahau. Niliona mama akiingia na kuulizia leso yake. Niliona anavyoitazama, kisha anavyotutazama sisi.

Mjini Londiani kulikuwa na duka la Mama Njeri, mwanamke mnene wa Kikuyu aliyeuza ndoo, madebe, taa, kamba na maneno. Baba, ambaye kwa siku aliongea sentensi kumi, alikuwa mteja wake wa kupendeza zaidi, kwa sababu hakumkatiza.

"Ndoo hii," Mama Njeri akasema, akiipiga kofi ubavuni, "hata ndovu ikiikalia haivunjiki."

Baba akaibonyeza kwa ukucha. "Ndovu hana meno ya panya."

"Ngai! Kumbe unaongea! Na wewe, mama mdogo, mbona umenyamaza? Ama panya ilikula ulimi?"

Nilificha uso nyuma ya mguu wa baba. Tulirudi na ndoo nyeupe yenye kifuniko cha kubana. Ndani ilikuwa na ile harufu. Baba alizikunja nguo polepole kuliko mama alivyozikunja, akaziweka, akabana kifuniko kwa goti.

Usiku wa kuamkia kuondoka sikulala vizuri, na asubuhi nilikuwa na mpango. Nilifikiri jinsi mtoto anavyofikiri: panya anakula nguo kwa sababu ana njaa, nyumba haina chakula, sisi tunaondoka na chakula chote. Akishiba ataacha nguo. Kwa hiyo, baba alipokuwa nje akifunga jembe, nilichota mahindi kwenye mkebe wa mbegu, nikayaweka juu ya kifuniko cha zamani cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Kilikuwa cha rangi ya njano, na katikati kina tundu la msumari. Nikakisukuma nyuma ya kitanda, ukutani kabisa.

"Kuleni hii," nikanong'ona. "Ya mama muiache."

Halafu nikatoka nikaushika mkono wa baba, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke.

Msimu uliofuata mahindi yalikuwa yameliwa yote. Nilifurahi, nilidhani wamekubali. Lakini baba alipoifikia ndoo alichuchumaa. Chini ya ukingo wa kifuniko kulikuwa na tundu la kupita kidole gumba. Alipofungua, mkono wa sweta la kijani ulikuwa umesokotwa kuwa kiota, na ndani ya kiota vilikuwemo vitoto vya panya vyekundu, visivyo na manyoya, kama vidole vya mtoto mchanga. Baba alivibeba na sweta lote nje, nyuma ya nyumba. Alirudi na sweta peke yake.

Nilielewa kwamba chakula hakikutosha. Sikuelewa kitu kingine chochote. Tulipoondoka safari hiyo niliweka mahindi mara mbili, na kipande cha ugali juu.

"Leo imekula nini?" Mama Njeri akauliza alipotuona mlangoni.

"Sweta."

"Na ndoo yangu?"

"Na ndoo yako."

Akacheka mpaka akashika meza. "Sasa baba Chero, niambie ukweli. Unafukuza hizo panya ama unazifuga? Kwa maana nimeuzia Londiani yote ndoo, na ni kwako tu zinaliwa. Kuna mtu anazipikia huko?"

Masikio yangu yalipata moto. Niliangalia sakafu. Nilipoinua macho baba alikuwa ananitazama, si kwa ukali, kisha akageuka kuchagua debe.

Debe lilikuwa la bati, na panya kweli hawakuliweza. Ila Londiani kuna ukungu, na bati likipoa hutoa jasho ndani. Tulipolifungua tulikuta rinda la buluu lina doa la kutu kifuani, kubwa kama kiganja. Baba alilifua mtoni mara tatu. Doa lilififia, halikutoka. Lilipokuwa likikauka juu ya ua alisimama karibu nalo muda wote, kama mtu anayemsubiri mwenzake avae.

Mwishowe akanunua sanduku. Lilikuwa sanduku la bati la watoto wa shule ya bweni, kubwa, jeusi, lenye kufuli.

"Hii wameshindwa nayo hata wanafunzi wa bweni wenye njaa," Mama Njeri akasema. "Panya ni nani?"

Safari hii baba alikuwa amejifunza. Alilitandika magazeti ndani. Aliweka mkaa mkavu kwenye kitambaa ili unyonye unyevu. Aliliinua juu ya mawe manne, mbali na ukuta kwa urefu wa mkono, ili panya wasiwe na ukuta wa kujiegemeza wanapotafuna. Alifunga kufuli, akalivuta mara mbili, akaweka ufunguo mfukoni.

Mimi nilikuwa nikimtazama kwa furaha kubwa. Hakuna mtu, nilijiambia, anayehangaika namna hii kwa nguo za mtu asiyerudi.

Niliendelea kuweka mahindi, kwa usalama. Mara moja niliingiza mkono nyuma ya kitanda nikakuta kifuniko changu cha njano hakipo. Nilidhani panya wamekibeba kwenda kwao. Nikaweka mahindi chini, kwenye udongo.

Hivyo ndivyo nilivyoishi kama miaka miwili. Sikuwa na huzuni, na hilo ndilo linaloniumiza sasa. Watu wa laini walinisifu kwamba nimekuwa jasiri, silii kama watoto wengine. Shangazi alisema nina moyo mgumu kama wa baba yangu. Jioni nilikaa mlangoni nikitazama njia ya chai ambayo wachumaji hurudi nayo, nikiwahesabu, nikiwaacha wapite, bila haraka. Sikucheza sana na wenzangu. Ningewaambia nini? Nilikuwa na siri na baba, nilidhani, na siri hiyo haikuhitaji mtu mwingine.

Nilipokuwa na miaka tisa, likizo ya Agosti, baridi ilikuwa kali Londiani kuliko kawaida. Nilikuwa nimelipita sweta langu. Mikono iliishia karibu na viwiko. Baba aliniangalia nikitetemeka juu ya chungu cha viazi, akainuka, akafungua sanduku. Alirudi na sweta la kijani. Mkono uliotafunwa alikuwa ameushona mwenyewe, lini sijui, kwa uzi mweusi, kwa mishono mikubwa ya mwanamume.

"Vaa," akasema.

"Hapana."

"Kuna baridi, Chero. Vaa."

"Na yeye akija atavaa nini?"

Baba alikuwa amenyoosha mkono na sweta. Mkono ulibaki vilevile, hewani.

"Nani?"

"Mama."

Aliketi juu ya sanduku. Mawe yakasaga chini yake. Viazi vilikuwa vikichemka. Nilimwona akijaribu kuanza, mara moja, mara ya pili, mdomo ukifunguka na kufungwa.

"Mama harudi," akasema. "Nilikuwepo. Nilimzika kwa mikono hii."

"Lakini nguo hujagawa."

"Ndiyo. Sijagawa."

"Kwa nini?"

"Nilishindwa," baba akasema. "Hiyo tu. Nilishindwa."

Akanivalisha mwenyewe, kichwa kwanza, halafu mkono mmoja, halafu ule wa mishono. Sweta lilifika magotini. Halikuwa tena na harufu yake. Lilinuka bati na mkaa. Hapo ndipo nilipolia kilio cha mazishi yale niliyokosa, na baba hakuniambia ninyamaze. Viazi viliungua. Tulivila hivyohivyo.

Kuhusu mahindi sikumwambia. Siku hiyo nilijua kwamba ni mimi niliyewaita panya msimu baada ya msimu, ni mimi niliyekula sweta la mama, na nikaogopa. Kadiri nilivyokua ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu. Nikaolewa Kaplong, nikazaa, baba akazeeka, miguu yake ikakataa safari ya Londiani. Kila nilipomtembelea nilisema, leo nitamwambia. Tulikunywa chai. Alikuwa na lile koti la kahawia hata kwenye jua. Kisha akafa, na mimi sijamwambia.

Alhamisi nilipanda mpaka Londiani na sanduku langu la plastiki. Nyumba imeinama upande mmoja. Ndani harufu ni ileile. Lile sanduku la bati lilikuwa juu ya mawe yake manne, limefungwa, na sikujua ufunguo uko wapi, wala sikuwa nimekwenda kuutafuta. Niliweka sanduku langu kando yake, nikaanza kulikunja koti. Kwenye mfuko wa ndani, upande wa moyo, vidole vyangu viligusa kitu kidogo cha chuma kimefungwa kwenye kipande cha uzi mweusi.

Kufuli lilinisumbua, kisha likakubali. Magazeti yalikuwa yamekuwa ya manjano. Panya hawakuwa wameingia hata kidogo. Nilitoa rinda lenye doa la kutu, leso nzima na leso iliyoliwa pindo, kitambaa, viatu. Nilitoa mkaa kwenye kitambaa chake. Chini kabisa, chini ya gazeti la mwisho, palikuwa na kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia. Cha njano. Katikati kina tundu la msumari.

Nilikaa chini kwenye udongo nikiwa nimekishika.

Alijua. Alikuwa ameinama nyuma ya kitanda siku fulani akakiona, na mahindi yake, akajua ni nani anayewapikia panya. Angeweza kunikataza kwa neno moja. Lakini ningemuuliza kwa nini, naye angelazimika kunijibu, na jibu lilikuwa lile ambalo hakuwa na nguvu ya kulisema. Kwa hiyo akaenda dukani. Nilimlisha panya yeye akanunua debe. Nikamlisha tena, akanunua sanduku. Sisi wawili, katika nyumba moja, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa upande wake wa kitanda, na miaka yote hiyo hatukuambiana kitu.

Nilivirudisha vitu vya mama kama vilivyokuwa, isipokuwa kitambaa cha kichwa, ambacho nilijifunga kichwani. Kifuniko nilikirudisha pia mahali alipokiweka. Nikafunga kufuli, nikalivuta mara mbili.

Kisha nikaliokota koti, nikalivaa, kwa sababu kulikuwa na baridi. Mikono yake ilinipita vidole. Njiani nilimpigia shangazi.

"Niko na koti. Jumamosi nitakuja nalo."

Alikuwa amejiandaa kugombana.

"Utalileta katika nini?" akauliza. "Lisiharibike."

"Nimelivaa," nikamwambia.

Sanduku la plastiki nililiacha kule, juu ya udongo, tupu. Vibanio vyote nilivifunga.